Chupa za Futari Ukutani

Mke wangu Dahabo alikufa Ramadhani ya mwaka jana, na hospitali ikaandika kwa faili yake ya kwamba alikuwa hadungi dawa. Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini nilisomewa, na hayo maneno niliyashika. Hadungi dawa. Mwanamke ambaye alikuwa anadunga sindano yake ya sukari kabla hata ya kufungulia mbuzi. Nilienda kwa Daktari Ganya, mkubwa wa hospitali yetu hapa Malka Dansa, nikamwambia hiyo ni uongo. Akaniambia mzee, wewe una uchungu, nenda upumzike. Wakubwa ndio hivyo. Wewe unazika, wao wanakupa pole halafu wanafunga mlango.

Ramadhani hii ikamshika binti yangu Lul. Ana mimba kubwa, na sukari amerithi kwa mamake. Miezi yote alikuwa sawa. Dawa anachukua kwa friji ya hospitali, nyumbani anaiweka ndani ya chungu chenye mchanga wa maji ikae baridi, na anajidunga mimi nikiona. Hata kufunga hafungi, alikatazwa. Lakini mwezi ulipoingia tu, sukari ikapanda, miguu ikavimba, kiu haiishi. Nikampeleka. Daktari Ganya akamwangalia, akamuuliza kama kweli anadunga, akachukua kalamu.

Nikamwambia, "Hiyo neno usiandike kwa mtoto wangu. Uliandika kwa mamake na mimi nikazika."

Akacheka kidogo, akasema nesi ampe chupa ingine ya dawa, tutaona wiki ijayo. Wiki ijayo. Kama tumbo la mtu linangoja.

Nikamfuata nesi Deka mpaka kwa friji. Hiyo friji ya sola ndiyo baridi pekee tuko nayo, kutoka hapa mpaka mbali kwa barabara ya Sericho. Mlangoni kumebandikwa karatasi ya kuandika joto la friji kila siku. Ramadhani haijafika nusu na karatasi imejazwa mpaka mwisho wa mwezi. Deka akafungua. Ndani haikuwa friji ya dawa, ilikuwa duka la maji. Chupa juu ya chupa, kila moja imefungwa kitambaa au uzi wa mwenyewe isipotee. Dawa ya Lul ilikuwa imesukumwa nyuma, imenata kwa barafu ya mtungi mmoja wa manjano. Deka akaibandua, akaificha kwa kiganja ipate joto, na macho yake hayakuniangalia.

Nikamuuliza ni nini. Akarudi kupanga chupa. Nikamuuliza tena kwa jina la Dahabo.

"Mzee Jattani," akasema polepole, "hii dawa ikiganda imekufa. Mtu akidunga ni kama amedunga maji."

Akaniambia yote. Kila Ramadhani daktari anazungusha kile kidude cha baridi mpaka mwisho, ili maji ya watu yawe barafu saa ya futari. Yeye alishasema, akaambiwa asilete shida kwa mwezi mtukufu. Basi akaacha mlango wa chumba wazi, akasema ana kazi upande wa wodi.

Nilitoa chupa zote. Nikazipanga juu ya ukuta wa nje, ule wa kando ya njia ya msikiti, kwa jua kali la alasiri, kila moja na kitambaa chake kikionekana. Halafu nikaweka kiti mbele ya friji, nikaketi.

Wa kwanza kuja alikuwa mama Racho, jirani yangu, akitafuta chupa yake ya uzi mwekundu. Nikamwambia iko ukutani, na nikamwambia kwa nini. Dahabo alikuwa rafiki yake. Hakwenda kuchukua chupa. Alivuta jerikeni tupu, akaketi kando yangu. Wengine wakaja, yeye ndiye akawaeleza, na mdomo wa Racho ukianza hauna breki.

Daktari Ganya alifika na hasira. Akasema ataita polisi.

"Waite," nikamwambia. "Chupa yao ni ile ya kitambaa cha bluu. Ya chifu iko karibu nayo. Ule mtungi wa manjano sijui ni wa nani, labda wewe unajua."

Watu wakacheka mpaka wenye saumu wakashika mbavu. Mtungi ulikuwa na leso ya bibi ya Ganya, na kila mtu anaijua hiyo leso. Wanaume walipita kwenda swala ya magharibi, kila mmoja akaona chupa yake ukutani, na hakuna aliyenyoosha mkono. Adhana ikalia. Tukafuturu pale pale, tende na maji ya moto.

Baada ya swala imamu alikuja kutoka msikitini na Ganya, na wazee nyuma yao. Ganya alikuwa mdogo kama kuku wa mvua. Akasema atapiga simu Isiolo, dawa mpya ije na sanduku la baridi. Nikasema vizuri, na kalamu je? Akaandika mbele yetu, kwa faili ya Lul na kwa faili ya Dahabo, ya kwamba dawa iliharibika kwa friji ya hospitali na mgonjwa alikuwa anadunga. Deka akasoma kwa sauti. Nikamwambia asome ya Dahabo tena.

Dawa ilifika kesho yake. Kabla ya Idd miguu ya Lul ilikuwa imerudi kawaida, na alikuwa ananigombeza juu ya chumvi kwa chakula, kama mamake kabisa. Friji sasa ina kufuli, na Deka ndiye mwenye ufunguo. Ganya nikikutana naye ananisalimia kwanza, na mimi namjibu nikitaka.

Mfungo uliobaki, Malka Dansa nzima ilifuturu na maji ya moto. Watu walilalamika. Mimi nilikunywa vikombe viwili.