Kamba Mpya ya Boti ya Lotiir

Aprili 2013 nilikuwa Kakuma, nimechoka kukaa mahali pamoja, Lotiir aliponipigia simu.

"Mzee Malith, mto Turkwel umejaa. Kamba ya nanga imeoza. Nitafutie ingine huko kambini, uje uniwekee."

Alijua nilifanya kazi ya boti kule Bor, kwenye Naili, kabla sijawa mkimbizi. Nikanunua nailoni, mita hamsini, nikapanda pikapu hadi Lodwar.

Lotiir alikuwa mfugaji. Ukame ulipomaliza mbuzi wake, akachukua boti ya kuvusha watu wakati wa mafuriko. Haina injini. Unaingilia upande wa juu wa mto, kwenye miti ya mikoma, maji yanakubeba huku ukielekeza kwa kasia, na ukikaribia ng'ambo unatupa nanga nyuma ili boti isimame watu washuke.

"Ejok," akanisalimu, akaivuta kamba kwa mikono miwili. "Hii inaweza vuta lori."

Mto ulikuwa mwekundu, unapitisha miti mizima na mizizi yake, bila kelele. Hilo la kukosa kelele sikulipenda.

Nikafunga kamba kwenye nanga, nikaipitisha kwenye pete ya nyuma, nikaizungusha kwenye kigingi cha chuma. Iliyobaki nikaikunja chini.

"Na huku mwisho?"

"Huku hapafungwi."

Akacheka. "Namuar, njoo usikie! Mzee wa Sudan anafunga mbuzi shingo, halafu kamba anaacha chini, mbuzi ajichunge!"

Namuar, mkewe, alikuwa ameshakaa ndani na abiria wanane. Hakucheka.

Nikamweleza Lotiir. Nanga ikinasa kwenye mti chini ya maji, boti inasimama lakini mto hausimami. Nyuma inazama. Dawa ni moja: unaiachia kamba kigingini, yote inakwenda na nanga yake, nyinyi mnabaki. Kaka yangu Alier alifunga mwisho wa kamba. Boti yake iliinama kama ng'ombe anayekunywa, haikuinuka tena.

"Hiyo ni Naili, mzee. Hii ni Turkwel, mwezi ujao utavuka na sandali. Nanga moja mto umeshanilia. Ya pili sitoi."

Akaufunga mwisho kwenye ubao wa kukalia, fundo la kufungia ngamia. Nikalifungua. Akalifunga tena, safari hii bila kucheka.

"Mzee, boti ni ya nani?"

Aliposhuka kwenda kusukuma boti kutoka mchangani, nikalifungua lile fundo. Sikumwambia.

Katikati tulipita vizuri. Karibu na ng'ambo akatupa nanga. Ikashika palepale, na si mchanga ulioishika. Boti ikashtuka, nyuma ikaanza kushuka, maji mekundu yakatuingilia miguuni.

"Kigingi!" nikapiga kelele.

Akaiachia kamba upesi, bila woga, maana alijua kule mwisho kuna fundo lake. Ikakimbia. Kisha akauona mwisho unakuja, mtupu.

Akaudaka. Akajizungushia mkononi mara mbili, vile mfugaji anavyomzuia ngamia aliyeruka, akakanyaga ukingo wa boti kwa miguu yote.

"Achia, Lotiir!"

"Njoo tushike!"

Hata angetaka kuachia, mkono ulikuwa umeshafungwa. Nilimdaka kiunoni. Nikabaki na shuka lake.

Boti ikainuka, ikawa nyepesi, ikaanza kwenda. Pale alipozama, maji yakajifunga. Tulitazama mpaka pakawa mbali. Bila nanga ng'ambo ikatupita, na watu waliokuwa wakitungoja wakakimbia ukingoni sambamba nasi, wakapiga kelele, wakachoka.

Namuar hakulia. Aliutazama ule ubao, akapitisha kiganja juu yake.

"Lotiir alifunga hapa. Nilimwona."

"Alifunga, mama."

"Nani alifungua?"

Abiria wote walikuwa wananiangalia. Nikamwambia.

Akachukua kasia la mumewe, akaniamuru nihamie mbele, mahali ambapo ataniona.