Futi Kumi na Nane

Miezi mitatu baada ya kustaafu, mkunga alikuwa bado anaamka alfajiri na kuvaa viatu. Akishavaa ndipo anakumbuka hana pa kwenda. Basi atazunguka nyumba, atafungua madirisha na kuyafunga, atahamisha kiti hadi mlangoni na kukirudisha. Mumewe alikuwa fundi saa, na meza yake ya kazi ilikuwa pale pale sebuleni. Siku moja aliondoa kioo jichoni akamwambia, "Mama watoto, ukitembea hivyo parafujo zangu zinaruka."

"Kwa hiyo nikae tu?"

"Sijasema ukae. Nimesema parafujo zinaruka."

Mkunga huyo alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka thelathini na minne, wengi wao ng'ambo ya ziwa, ambako kwa barabara ni nusu siku ya kuzunguka. Kila alipoitwa alivuka kwa boti ya mtu. Mara mwenye boti anakula, mara anangoja abiria wajae. Yeye husimama gatini, mkoba mkononi, roho juu. Safari moja alingoja saa nzima gatini, akafika akakuta mtoto keshazaliwa na mama yake kapoteza fahamu. Yule mama alipona, lakini ile saa nzima ya kusimama haikumtoka mkunga moyoni. Hapo ndipo alipojiapia kwamba akistaafu atanunua boti yake mwenyewe. Ya kufanyia nini, hata yeye hakujua. Aliyemuuliza alijibiwa, "Nitajua nikishaipata."

Tabu ilianzia kwenye ukubwa.

Mkwewe, mume wa binti mkubwa, alikuwa dereva wa lori na mjuzi wa kila chenye injini. "Mama, usinunue kitu cha kutuaibisha," alisema. "Chukua ya futi ishirini na sita. Tunaenea wote, mizigo inaenea, na paa juu." Binti mdogo alitaka iwe ndogo, ya makasia, mama asije akaenda mbali. Fundi saa alipoulizwa alisema, "Mimi maji nayajua ya kuoga," akarudisha kioo jichoni.

Karakana ya boti ilikuwa nyuma ya gati, imejaa harufu ya rangi na mbao mbichi. Fundi wake, mtu mfupi asiyevua kofia, alikuwa na boti mbili tayari: ile ya futi ishirini na sita aliyoitaka mkwe, na nyingine ya futi kumi na mbili.

"Mama mkunga," aliuliza, "Jumanne ya kawaida tu, si siku ya mapumziko, utapanda na nani?"

"Na familia yangu."

"Jumanne familia yako iko wapi?"

"Wewe uza boti," alisema mkunga kwa kuudhika, akageuka kuitazama ile kubwa.

Jumamosi familia ikaijaribu ile kubwa. Walipanda watu tisa, fundi saa akiwa amebaki nyumbani. Mkwe alishika usukani kabla mtu hajamwambia ashike. Binti mkubwa akasema pita kushoto, binti mdogo akasema punguza mwendo, na kama walivyosema wahenga, manahodha wengi chombo huenda mrama. Mjukuu mmoja akatapika. Mkunga alijikuta katikati kwenye benchi, amepakata vikapu vya watu, akitazama mgongo wa mkwewe. Mara mbili alinyanyuka auendee usukani, na mara mbili akaambiwa, "Mama, kaa, utaanguka." Waliporudi upepo uliisukuma boti ikaparuza gati, na walihitajika wanaume wanne kuivuta mahali pake.

"Imetulia kweli hii," alisema mkwe akijifuta jasho.

Mkunga alishuka na vikapu vya watu. Kwa namna alivyokaa siku ile, alikuwa bado abiria.

Jumatatu akarudi peke yake akaomba ile ndogo. Alipopiga kasia la kwanza alitaka kucheka kwa raha, kwa jinsi ilivyomtii. Lakini alipotoka nje ya mkono wa gati alikutana na mawimbi, si makubwa, ya kawaida tu ya mchana, nayo yakaanza kuingia. Akachota maji kwa kopo huku boti ikigeuka ubavu, akashika kasia maji yakazidi, akachota tena. Alirudi amelowa hadi kiunoni. Fundi wa boti alimpa kanga kuukuu ya kujifuta wala hakusema neno, na hilo lilimuuma kuliko kuchekwa.

Nyumbani alitupa viatu mlangoni. "Basi," alisema. "Kubwa si yangu, ndogo itaniua. Nimekuwa mtu mzima ovyo, nahangaika na boti kama mtoto anayelilia mwezi."

Fundi saa aliweka koleo chini. "Umezunguka mji mzima ukiuliza boti iwe ya futi ngapi. Mimi hukuniuliza kama nitapanda."

"Wewe si unaogopa maji?"

"Naogopa. Miaka yote hiyo nimekaa hapa nikiyaogopa, wewe uko juu yake. Kila ukivuka, nachukua saa ya mtu naifungua, naifunga, naifungua tena. Nyingine nilizitia ubovu ambao hazikuja nao."

Mkunga alimtazama. Siku zote alipokuwa akirudi alimkuta ameinamia meza, naye alikuwa akidhani ni utulivu.

"Kama ni kuogopa," alimalizia mumewe, "afadhali niogope nikiwa ndani, nikikuona."

Asubuhi yake walikwenda karakana wote wawili. Fundi saa aliuliza maswali ambayo mkwe hakuyafikiria: je, mkunga ataweza kuisukuma peke yake kutoka gatini? Injini ataiinua kwa mikono yake? Mtu mwoga akisimama ghafla, itapinduka? Fundi wa boti akachora kwa chaki sakafuni, akafuta, akachora tena. Mwisho akasema, "Futi kumi na nane, ubavu mpana. Watu wawili wa kila siku, na wawili wa kukaribishwa. Nipeni wiki saba."

Wiki saba hizo zilikuwa kama mwaka. Mkunga alifika karakana kila asubuhi, akizunguka mbao, akiuliza hili la nini na lile la nini. Siku ya nne fundi alimkabidhi kipande cha msasa. "Mama, mtu anayenisimamia kichwani namtia kazini." Akapiga msasa mbavu za boti yake hadi vidole vikapasuka, na bado akitoka hapo alikuwa na nguvu za kufagia ua mara mbili. Mkwe alikuja kutazama, akapima kwa hatua zake, akasema, "Ndogo." Hakuna aliyebishana naye.

Siku ya kuishusha majini, fundi saa alitoka nyumbani ameshavaa jaketi la kujiokolea, akapita nalo sokoni watu wakimtazama. Alikaa mbele akishika kingo kwa mikono miwili. Mkunga aliwasha injini, akatoka taratibu. Walipofika kwenye mawimbi boti ilipanda na kushuka, mumewe akafumba macho, akayafumbua, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndiyo hivi."

Ng'ambo, muuza samaki mmoja alimtambua. "Mkunga, nani anajifungua?"

"Hakuna."

"Sasa umefuata nini?"

Mkunga alinyoosha shingo kuzitazama nyumba, akarudi kwenye boti, akakagua kamba aliyoifunga dakika mbili zilizopita. Nusu saa haijaisha alikuwa anataka kuondoka.

Jioni, wakifunga boti gatini, alimuuliza mumewe kama kesho watakwenda tena.

"Kesho nina saa tatu za watu mezani. Keshokutwa."

"Basi nitakwenda peke yangu."

"Nenda. Utarudi saa ngapi?"

Katika ndoa yao yote mkunga hakuwahi kumtajia mumewe saa ya kurudi, kwa kuwa mtoto anayezaliwa hana ratiba. Alifikiri kidogo, akasema saa nane.

Kesho yake alirudi saa nane kasorobo.