Trekta Iliyochukia Kaskazini

Ikielekea kusini, trekta ya Dasuki ilikuwa tulivu kama kondoo aliyeshiba. Ikigeuzwa kurudi kaskazini, kabla haijamaliza shamba, mshale wa joto unapanda mpaka kwenye nyekundu, rejeta inatoa mvuke, na Dasuki anaruka chini, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba msamaha.

Na upepo unatoka kaskazini! Hapo ndipo akili yake ilipogoma. Kijijini kwao kila mtu hugombania dirisha la kaskazini, maana ubaridi uko huko. Sasa mashine gani hii, ikipigwa upepo usoni inachemka, ikipewa mgongo inapoa?

Mwisho wa shamba, upande huohuo wa kaskazini, palikuwa na nyumba ya Shalabi.

"Bado hujaelewa tu?" Hajjat Ratiba, mama yake Dasuki, alimuuliza mwanawe huku akigeuza mkate kwenye tanuri. "Ikimwona inaugua. Ikimpa kisogo inapona. Unataka malaika ashuke akuchoree?"

"Mama, Shalabi ni kama ndugu yangu."

"Sijasema ni mtu mbaya. Nimesema ana jicho la husuda."

Ilianza siku Dasuki alipofunga feni mpya. Ya zamani ilikatika panga moja, akaenda kwenye soko la vyuma chakavu, akapata nyingine iliyolingana matundu kwa matundu, akaifunga mwenyewe, na kwa furaha akalipaka boneti rangi ya buluu. Shalabi akapita, akaipapasa, akasema, "Hii si trekta tena, hii ni bibi harusi!" Akaenda zake. Hakusema mashallah. Kesho yake trekta ikachemka. Sentensi ile kijiji kizima kiliikumbuka. Feni hakuna aliyeikumbuka, hata aliyeifunga.

Hajjat Ratiba alifanya yote ya kuondoa jicho. Alichoma jiwe la shabu na ubani, akakata mtu wa karatasi akamtoboa kwa sindano, akitaja macho ya watu mmoja mmoja, na kwa Shalabi alitoboa mara mbili kwa usalama. Kisha akafunga kwenye wavu wa mbele wa trekta utepe mwekundu wenye shanga ya buluu.

Dasuki naye alimwita Fundi Awad, ambaye alikaza mkanda, akabadilisha themostati, akafungua pampu ya maji akaifunga tena, akaiacha ikinguruma uani. Haikuchemka.

"Nzima," akasema Fundi Awad.

"Uani ni nzima. Shambani, ikienda kaskazini..."

"Kaskazini?" Fundi alimtazama kama daktari anayemtazama mgonjwa wa akili. "Basi lima kwenda kusini tu, bwana."

Tatizo, mpunga haungoji. Maji ya mfereji yalikuwa karibu kuachiliwa, na kila mwaka, akimaliza shamba lake, Dasuki huingia kulima la Shalabi. Toka afe nyati wa kufugwa aliyemvutia Shalabi plau, ndivyo walivyoishi, bila hata kuambiana.

"Mwaka huu hukanyagi kule," mama yake akasema asubuhi hiyo. "Mwambie atafute trekta nyingine. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sisemi polepole."

Dasuki akapanda trekta kwenda kumwambia. Njia nzima alitunga maneno, akayafuta, akayatunga tena. Hakuamini habari za jicho. Lakini mshale ulikuwa unapanda mbele ya macho yake, na kila alivyoisogelea nyumba ya Shalabi ulizidi kupanda. Mtu ataamini nini?

Alipofika kwenye ukingo wa shamba, mvuke ukafuka. Akaiacha injini ikinguruma taratibu, akashuka. Mlango wa Shalabi ukafunguka, na Shalabi akatoka na ndoo ya maji. Alitoka kinyumenyume.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakuletea maji," Shalabi akajibu, mgongo mbele, akipapasa ardhi kwa kisigino. "Nimesikia inachemka."

"Si ugeuke!"

"Sigeuki. Nimesikia pia yale mengine. Hata dirisha nimelipigilia mbao. Elekeza tu, kushoto au kulia?"

"Kushoto... kulia! Shalabi, tuta!"

Ndoo ikaruka, Shalabi akakaa kwenye tope. Dasuki akakimbia kumwinua, na ndipo, akiwa mbele ya trekta, alipouona ule utepe. Ulikuwa umesimama kama kidole, umemnyooshea Shalabi.

Nywele zikamsisimka. Mama alisema kweli?

Akatazama juu. Juu ya paa la Shalabi nguo zilikuwa zimeanikwa, na upepo ulizipeperusha zote kuja kusini, kwake. Utepe ulipepea kwenda kaskazini, kwenye nguo. Upepo mmoja, njia mbili? Akasogeza uso kwenye wavu. Hewa ya moto ikampiga, kama tanuri la mama yake likifunguliwa.

Feni inatakiwa ivute hewa ya nje iingie. Hii ilikuwa inatema.

Akavua kofia akaibandika kwenye wavu. Ikasukumwa, ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka tena.

"Shalabi, geuka uone."

"Mimi? Hapana."

"Nakwambia geuka! Feni! Nimefunga feni ya kupuliza badala ya ya kuvuta. Sijui niliitoa kwenye dubwana gani kule sokoni. Ikikutana na upepo zinasukumana, hewa haipiti. Ikipewa mgongo, upepo unaisaidia. Ni mimi, ndugu yangu. Ni mimi mwenyewe!"

Shalabi akageuka taratibu, kiganja kimoja kimefunika jicho. "Naanza na moja," akasema. Akaitazama kofia ikianguka. Kisha akaondoa kiganja, akacheka mpaka akakaa tena topeni, safari hii kwa hiari yake.

Walipotulia, Dasuki akauliza, "Sasa kwa nini hukuja kunigombeza? Umekubali tu, ukapigilia dirisha?"

Shalabi alijifuta tope kwenye kanzu. "Ningegombezaje? Sikuwa na hakika. Siku ile ulipoipaka rangi, niliitamani kweli. Usiku sikulala. Nikasema, labda ni mimi."

Dasuki akamwinua topeni. Akaokota ndoo, akamshika mkono wakaenda kuzing'oa mbao za dirisha.

Jioni Hajjat Ratiba alisikiliza habari yote bila kupepesa. "Si niliwaambia utepe utaonyesha?" akasema. Kisha akafunga fatira ya moto, mkate wa matabaka ya samli, kwenye kitambaa, akampa mwanawe. "Mpelekee Shalabi. Na ukishafunga feni nyingine, aje aiangalie." Akafikiri kidogo. "Lakini aseme mashallah."