Neno Alilolikataa Muriel

Miaka sita Muriel alikaa kwenye meza ya kutafsiri Biblia pale kijijini Waimarao, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia afunge mdomo. Mdomo ndio uliokuwa kazi yake. Shule aliishia darasa la nne na Kiingereza chake kilikomea kwenye salamu, lakini lugha ya kisiwa aliijua mpaka pembe zake za ndani: maneno ya kuvulia, ya kuombolezea, ya kumtania shemeji. Wenzake walipomsomea mstari uliotafsiriwa alisikiliza akiwa amefumba macho, popoo ya kutafuna shavuni, kisha akasema, "Hapana, mtu mzima haambiwi hivyo," au, "Hapo sawa, hata marehemu mama angeelewa." Injili zote nne zilipita kwenye masikio yake kabla hazijapelekwa kuchapwa.

Mwaka wa sita, mwezi wa pili, Ellison akarudi. Ellison alikuwa mtoto wa kaka yake Muriel, kijana mrefu mwenye miwani, na alikuja na cheti cha miaka minne ya chuo cha dini. Dayosisi ikampa uongozi wa kundi la tafsiri. Siku ya kumpokea, Muriel mwenyewe ndiye aliyekuna muhogo wa pudingi na kupanga mawe ya moto ya kuiokea. Shangazi gani asingefurahi?

Ugomvi ulizuka Jumanne moja asubuhi. Walikuwa wamefika kwenye barua ya Paulo kwa Wafilipi, mahali pale anapoeleza jinsi Kristo, ingawa alikuwa sawa na Mungu, alivyojinyenyekeza na kutii mpaka akafa. Ellison alikuwa ameitafsiri peke yake nyumbani kwao. Akaisoma kwa sauti nzuri ya kanisani. Muriel akafumbua macho.

"Rudia hapo, mwanangu."

Ellison akarudia.

"Neno hilo ni la mbwa," Muriel akasema.

Wenzao wawili wakainamia karatasi zao. Walilijua vizuri. Waimarao neno lile lilikuwa la mbwa aliyepigwa teke, akafyata mkia na kunywea chini ya ngazi. Ukilisema kwa binadamu, unamsema mtu aliyetishwa mpaka akaloa. Hakuna anayefanya hivyo kwa hiari yake. Lazima awepo mwenye fimbo. Muriel akayaeleza haya taratibu, bila dharau, akaongeza kwamba lipo neno jingine: lile la mtu mzima anayeinama mwenyewe ili mtoto apande mgongoni. Hilo mkubwa ndiye hulifanya, na hakuna anayemlazimisha.

Ellison akasema hilo ni neno la mchezo wa watoto, halifai Maandiko Matakatifu. Akasema chuoni walisoma neno lenyewe kwa Kigiriki, muhula mzima.

"Kigiriki chako sikijui," Muriel akajibu. "Mbwa ninawajua."

Mmoja wa wale wenzao akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Ellison akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Shangazi," akasema, "Maandiko hayasomwi kwa kiburi. Anayejifunza Neno la Mungu hujishusha, akawatii waliowekwa juu yake. Mtu akishindwa hilo, hata akikaa mezani miaka sita hajajifunza kitu."

Alhamisi Muriel alipofika, kiti chake kilikuwa kimewekewa boksi la karatasi. Ellison akamweleza, bila kumtazama, kwamba mkaguzi wa tafsiri anakuja kutoka Fiji mwisho wa mwezi na kundi linahitaji mpishi. Jikoni nako ni huduma, akasema, na huduma ndiyo shule ya unyenyekevu.

Jioni ile Muriel alimenya magimbi kama anayeyachuna ngozi. Wifi yake Nesta, mama yake Ellison, alikuwa amekaa kizingitini akimwangalia.

"Wifi, hilo gimbi limekukosea nini?"

"Muulize mwanao."

"Mwanangu ana cheti. Ulitaka akifanyie nini, akifungie samaki?" Nesta akacheka, halafu akaacha. Akamshauri asiende kabisa jikoni, watu wa mezani wale karatasi zao waone kama zinashibisha.

Muriel akasema ataenda. Nesta akadhani ni utani, lakini haukuwa utani. Maneno ya Ellison yalikuwa yamempata mahali pabaya. Kwa miaka sita alikuwa ameyasikiliza Maandiko neno kwa neno, na asingeweza kujidanganya kwamba hayaamuru unyenyekevu. Je, kama kweli alikuwa na kiburi? Kama alikuwa amezoea kusikilizwa hata akajiona mwalimu wa Paulo? Aliligeuza jambo hilo kichwani siku tatu. Kila alipojichunguza alijikuta na makosa kadhaa, lakini neno la mbwa lilibaki kuwa la mbwa.

Akamwendea Padri Casper. Padri alimsikiliza vizuri, akakubali kwamba yeye mwenyewe neno lile lilimkwaruza kidogo. Lakini Ellison ni kijana, akasema, ndiyo kwanza anaanza kazi. Wakimpinga mapema watamvunja moyo. Tuwe wavumilivu.

"Na mimi, Padri?"

Padri akasema thawabu yake iko mbinguni.

Muriel alitoka pale akiwa amefura. Njia nzima alijiuliza kwa nini unyenyekevu siku zote hugawiwa watu walewale. Wanaokaa nyuma hufundishwa kujishusha, wanaopika hufundishwa kutii, na wanaokaa mbele hufundisha. Katika miaka sitini na moja ya kwenda kanisani hakuwahi kusikia askofu akiambiwa na mtu yeyote kwamba ana kiburi. Tena barua yenyewe ilimsema nani? Ilimsema aliyekuwa juu kuliko wote! Wao wameichukua wamempelekea mwanamke wa darasa la nne.

Hata hivyo alikwenda jikoni, akatii huku amekaza meno. Kwa wiki tatu pudingi zake zilitoka zimenyooka kama matofali na samaki wake hawakuungua hata siku moja, maana aliapa hatampa mtu sababu ya kumsema. Kutoka mezani, walikokuwa wakisahihisha sura za nyuma kwa ajili ya mkaguzi, zilimfikia sauti, na mara nyingine alisikia neno lililokaa upande. Aliendelea na kazi yake. Usiku alilala vibaya.

Mkaguzi akafika kwa mtumbwi wa injini. Alikuwa mwanamke wa Kifiji wa makamo, jina lake Litia, mfupi, mchache wa maneno. Baada ya chakula cha kwanza alibeba sahani yake mwenyewe hadi jikoni, akaiosha. Kwa maana iliyoandikwa kando ya mistari kwa Pijini, lugha inayounganisha visiwa vyote, alisema, haoni tatizo. Pale pameandikwa kwamba Kristo alijishusha, na ndivyo ilivyo. Lakini kazi yake haiishii kwenye karatasi. Hutaka maneno yasomwe mbele ya watu ambao hawajapata kuyaona, kisha huwauliza wamesikia nini.

Wakakusanywa watu kumi kanisani. Mbele kabisa alikaa mzee Japhet, mchonga mitumbwi, aliyekuwa na sikio moja zima. Jikoni palikuwa hatua chache tu kutoka dirishani, na Muriel akasimama na mwiko mkononi. Ellison akasoma kipande chote. Litia akauliza kwa Pijini: huyu anayesemwa amefanya nini?

"Amefyata," mzee Japhet akasema.

"Kwa nini?"

"Aliogopa kupigwa."

"Apigwe na nani?"

Mzee akafikiri, mkono sikioni. "Na Baba yake, nadhani. Ziko nyumba za namna hiyo."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja nyuma akasema anamwonea huruma mtu huyo, lakini kumfuata, hapana, asingemfuata. Ellison akawa anageuza kurasa ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. Kule jikoni, Muriel alihisi furaha ikimpanda kifuani, tamu kama muwa, na papo hapo akajua kwamba furaha hiyo haikuwa safi. Lakini hakuikataa. Aliinyonya mpaka ikaisha.

Wakati wa chakula cha mchana Litia akaja jikoni na karatasi.

"Wewe ndiye Mama Muriel?" akauliza. "Naona jina lako hapa, kati ya wanne waliojadili neno hili wakakubaliana. Mwenyekiti wenu, Ellison, anasema halikuwa na ubishi. Nilitaka kujua mliliwazaje."

Muriel akaomba aonyeshwe. Jina lake lilikuwepo, la nne, kwa mwandiko wa Ellison.

Kuhamishwa mezani alikuwa amekumeza. Kuambiwa ana kiburi alikuwa amekupeleka kwenye maombi. Hili lilikuwa jambo jingine kabisa. Hapa yeye alikuwa amesimamishwa mbele za watu wasiomjua, na wajukuu watakaosoma kesho, kusema kwamba Bwana wake alifyata mkia. Na aliyefanya hivyo ndiye aliyemhubiria utii! Aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwa leso, akaingia kanisani. Watu walikuwa wangali wamekaa, wakila.

"Ellison," akasema, "uliniambia nitii, nikatii. Ulinituma jikoni, nikaenda. Wiki tatu nimekupikia, umekula ukashiba. Nani alikupa ruhusa ya kuandika jina langu hapa?"

Ellison akasimama. "Shangazi, tafadhali. Si mbele ya mgeni."

"Mgeni ndiye uliyemdanganya."

Padri Casper akainuka haraka akanyoosha mikono. "Ndugu zangu, tuombe."

"Bado, Padri," Litia akasema kwa upole. "Mama hajamaliza."

"Sina mengi," Muriel akasema. "Nilisema neno hili ni la mbwa, ukaniambia nina kiburi. Labda ninacho, hilo ni langu na Mungu. Lakini unyenyekevu wako wewe ni wa namna gani, ikiwa wengine ndio wanaoufanya? Mtu akikuuliza swali juu ya Maandiko, unamfanya adui wa Maandiko. Lifute jina langu. Kwa mkono wako."

Ellison akachukua kalamu. Akalikata jina kwa mstari mmoja.

Litia akamwomba Muriel awaambie lile neno jingine.

"Leo hapana," Muriel akasema. "Leo nina hasira. Neno lile siwezi kulisema hivi nilivyo. Kesho."

Akarudi jikoni kuangalia moto.

Kesho yake alikuja amevaa gauni la Jumapili, akalisema. Ellison akaliandika na kuwasomea tena wale watu kumi. Mzee Japhet akauliza kama ni mtu yuleyule wa jana. Alipoambiwa ndiye, akashangaa. "Kumbe ni mkubwa," akasema. "Ameinama mwenyewe." Yule mwanamke wa nyuma alikuwa ameacha kusuka mkeka wake.

Jumapili Padri alitangaza kwamba Mama Muriel amerudishwa mezani, akalitangaza kana kwamba ni zawadi kutoka kwake. Juu ya jina hakusema lolote. Muriel alikaa kwenye benchi lake, akahisi damu ikimchemka upya, akaimba wimbo wote bila kukosea.

Mchana Ellison akaja nyumbani kwake. Mama yake alikuwa amemsindikiza mpaka kwenye uzio, pengine amemsukuma. Akakaa sakafuni kama inavyompasa mtoto wa kaka, akavua miwani. Alieleza mengi ambayo Muriel aliyasikia nusu nusu: kwamba dayosisi nzima ilikuwa ikimtazama, kwamba alihofia watu watasema miaka minne imekwenda bure, kwamba baada ya kuandika majina matatu aliona la nne likikosekana litaulizwa.

"Niliogopa, shangazi," akamaliza.

Muriel alijua kwamba wakati huu angetakiwa kumshika kichwa na kumwambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mbele yake alikuwa kijana ambaye kweli ameumia, na yeye mwenyewe siku ile dirishani alikuwa amekunywa aibu ya kijana huyo kwa furaha. Jambo hilo alikuwa ameliungama asubuhi. Lakini hakuona kwamba dhambi yake inafuta ya mwingine.

"Siku nyingine ukiogopa," akasema, "ogopa kwa jina lako."

Ellison akaitikia kwa kichwa. Muriel akamwekea viazi na samaki, akala pamoja naye.

Alhamisi walikaa wanne mezani. Boksi la karatasi lilikuwa sakafuni. Ellison akafungua walipoishia, akaanza kusoma, akasita. Mahali palipofuata Paulo alikuwa akiwasihi waumini wafanye kila jambo bila manung'uniko. Wale wenzao wawili ghafla wakavutiwa na makuti ya paa.

"Hapa, shangazi," Ellison akasema kwa uangalifu mkubwa, "kwenye kunung'unika, sijaandika kitu. Nilitaka nikusikie kwanza."

Muriel akaweka popoo shavuni, akafumba macho.

"Maneno yapo matatu," akasema. "Mwezi huu nimeyatumia yote. Andika."