Alama Mbili kwenye Mdeki wa Mahlon

Hebu niambie wewe: ukiutumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia gobore, ndani ya mtutu ambao una hakika ni mtupu, nao ukagoma kufika chini, utasema humo ndani mna nini?

Mimi nilisema nyigu. Nyigu wa kwetu hupenda matundu, na bunduki ile ilikuwa haijashuka kutoka juu ya mlango wa jikoni tangu mume wangu Mahlon afariki, karibu miaka miwili. Kila Jumamosi niliipangusa vumbi kwa nje: kitako, mtambo, mtutu wote mpaka mdomoni. Ndani sikuwahi kugusa.

"Nyigu gani mgumu hivi, Mama?" akauliza mwanangu Lamar, akagonga tena kwa ile fimbo. Ko. Ko.

Ilikuwa mchana wa Krismasi. Tulikuwa tumeshakula paja la nguruwe na mayai mekundu yaliyolala siku tatu kwenye maji ya bitiruti, na shemeji yangu Elwood, mdogo wake Mahlon, alikuwa kwenye kipande cha tatu cha pai ya molasi. Theluji ilikuwa imefika kwenye kidato cha pili cha baraza. Kesho yake msimu wa gobore unafunguliwa. Wenye bunduki za kisasa wanakuwa wamemaliza zamu yao, na hapa Pennsylvania msitu unaachiwa watu wa jiwe na baruti. Lamar alikuwa hajawahi kushindilia gobore maishani mwake. Alikuja nimfundishe, kisha achukue bunduki ya baba yake wapande na Elwood kwenye kibanda cha wawindaji mlimani kabla giza halijaingia.

Nami nilikuwa na jambo langu. Kwenye kopo la biskuti, chini ya karatasi ya mafuta, palikuwa na leseni ya kuwinda yenye jina langu, Verna. Mwezi wa kumi nilikaa siku nzima kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto, nikisoma usalama wa bunduki pamoja na watoto wa miaka kumi na mmoja. Mwalimu aliniuliza nimemleta mjukuu yupi. Nilipata alama tisini na sita, na sikumwambia mtu. Miaka arobaini na minne nilimkatia Mahlon vitambaa, nikamyeyushia risasi kwenye sufuria kuukuu, nikampimia baruti, halafu nikabaki dirishani kuangalia taa za gari zikiishia kwenye kona. Hakuna aliyenikataza kwenda. Hakuna aliyeniuliza pia. Na kwetu mtu hajikatii kipande kikubwa cha pai, anangoja akatiwe.

"Ukimaliza kubisha hodi utatuambia," Elwood akamtania Lamar. "Huyu kijana wako, shemeji, amezoea bunduki zinazomeza risasi kama karanga. Hii lazima uilishe kwa kijiko."

"Nyamazeni kidogo," nikasema. "Lamar, usiutoe huo mdeki. Uache hivyo hivyo."

Nilivaa miwani. Mahlon aliuchonga mdeki ule alama mbili kwa kisu. Mtutu ukiwa mtupu, alama ya juu hukaa sawasawa na mdomo wa bunduki. Ukiwa umeshindiliwa baruti na risasi, inayokaa mdomoni ni ya chini. Sasa alama ya chini ilikuwa imezama ndani, haionekani. Na ya juu ilikuwa nje, imeinuka kwa unene wa kidole kimoja.

"Si tupu," nikasema. "Na haijajaa."

"Basi ni nini?" akauliza Lamar.

"Ndilo ninalotaka kujua."

Elwood aliweka uma chini. Mtu aliyekua na gobore hafanyi mzaha na mtutu asioujua. Nilizima mshumaa wa mezani, nikafunga mlango wa jiko la kuni, nikamwambia Lamar aelekeze mdomo wa bunduki kwenye ukuta wa mawe. Nilifungua skrubu ya nyundo ya bunduki, nikalitoa jiwe la gumegume pamoja na kipande cha ngozi kinacholishika. Bila jiwe hakuna cheche. Kisha nikafunua kifa, kile kisahani kidogo kinachobeba baruti ya kuwashia, nikachukua sindano ya shaba na kuchokoa tundu la moto, ambalo moto wa kifa hupitia kuingia ndani ya mtutu.

Sindano iliingia yote, ikatoka safi. Nilichokoa tena, nikaipangusa kwenye karatasi nyeupe. Hata chembe.

"Kama mngekuwa na baruti humu ningeihisi. Inakwaruza kama mchanga," nikawaambia.

"Labda ni kitambaa kilichobaki wakati wa kusafisha," akasema Lamar.

"Kitambaa hakigongi ko."

"Labda ni panya aliyekufa akakauka!"

"Panya wa unene wa kidole, amekaa wima kama mlinzi wa benki," Elwood akacheka. "Mwanangu, soma tu vitabu vyako."

Nilidondosha maji ya uvuguvugu kwenye tundu, matone kama kumi, ili kama mna baruti iliyojificha, ife. Halafu nikavuta droo ya vijiko. Nyuma kabisa, pamoja na kikata biskuti, hukaa skrubu ndogo ya kuvutia risasi iliyokwama. Inafungwa kwenye ncha ya mdeki, unaizungusha mpaka ing'ate risasi, kisha unavuta. Mahlon aliiweka kwenye droo yangu kwa sababu, alisema, yeye hataihitaji.

Lamar alizungusha. Elwood alikumbatia kitako cha bunduki. Wakavutana kama watu wanaogombania ndama, mpaka Elwood akapiga kelele, "Taratibu, utaning'oa bega!" Ikatoka ghafla, po, kama kizibo cha chupa, na Lamar akakalia sanduku la kuni.

Kwenye ncha ya mdeki palikuwa na risasi ya mviringo, na nyuma yake kitambaa. Nilikijua hata kabla sijakigusa: kitambaa cha foronya chenye mistari ya buluu, nilichokikata mwenyewe na kukipaka mafuta ya kulungu na nta. Nilikipeleka dirishani. Upande uliokuwa umeishika risasi ulikuwa na alama yake ya duara. Upande wa chini, ambao ulipaswa kulalia baruti, haukuwa na weusi wa baruti. Ulikuwa na doa moja dogo la kahawia pembeni, kama alama ya ncha ya pasi iliyokawia kidogo.

"Alisahau baruti," nikasema.

"Nani?" Lamar akauliza, ingawa alijua. "Baba? Baba alisahau baruti?"

Uelewe jambo hili lilivyo zito. Kule kwenye kibanda kuna ukuta mmoja umejaa mikia ya mashati. Mtu akilenga kulungu akamkosa, kwa sababu yoyote, anakatwa mkia wa shati lake, lile pindo la nyuma, kwa mkasi mbele ya wote, unaandikwa jina na mwaka, unapigiliwa msumari ukutani. Elwood anayo minane. Mahlon hakuwa na hata mmoja, na hakuacha watu wasahau.

Lakini mimi niliuliza jingine: angesahau vipi? Sisi tulikuwa na desturi. Kila kitu kinatamkwa. Mimi natamka "Baruti!" nikimpa kikombe, yeye anajibu "Baruti ndani!" Halafu "Kitambaa!" Halafu "Risasi!" Miaka arobaini na minne hatukuruka neno. Wajukuu walitucheka, walisema babu na bibi wanasali kwa bunduki.

Kisha nikakumbuka. Msimu wake wa mwisho mimi sikuwepo. Nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya nyonga. Alishindilia peke yake, jikoni humu, na hapakuwa na mtu wa kumtamkia.

"Na hili doa?" Lamar alikuwa amenifuata dirishani.

"Doa ni moto wa kifa. Kifa kiliwaka, moto ukapenya tunduni, ukakuta kitambaa kitupu. Maana yake alilenga. Alivuta kifyatulio."

"Alituambia hakuona kulungu," akasema Lamar.

Sote wawili tukamgeukia Elwood, kwa maana wao wawili ndio waliokuwa mlimani siku ile. Elwood alikuwa anakusanya makombo ya pai kwa ncha ya kidole, moja moja.

"Niliona moshi," akasema hatimaye. "Moshi mdogo, juu ya kile kibonde cha misonobari. Sikusikia mshindo. Nikamwuliza, kaka, moshi ule wa nini? Akasema alikuwa anakausha kifa, unyevu umeingia." Akatikisa kichwa. "Na nyayo za dume zilikuwa pale pale, hatua thelathini. Nyayo za mnyama aliyesimama akashangaa, akaondoka kwa kutembea. Hata hakukimbia! Nikajiambia, Elwood, usiulize zaidi."

"Ungeuliza," nikasema.

"Ningeuliza. Ila alikuwa kaka yangu, na shati lilikuwa jipya. Ulimshonea wewe."

Hapo Lamar akaanza kucheka, kicheko cha kushikilia meza, na Elwood naye, na mimi nikajikuta nacheka huku nimekishika kile kitambaa. Wiki sita baada ya msimu ule moyo wa Mahlon ulisimama. Wiki sita risasi ile ilikaa juu ya mlango ninaopita kwenda kuchota kuni, na skrubu ya kuitolea ilikuwa kwenye droo yangu. Angesema tu: Verna, nimefanya ujinga, nipe skrubu. Ningemcheka siku mbili. Ningempa.

"Lazima ukutani," akasema Elwood, akijifuta macho. "Sheria ni sheria, hata kwa marehemu."

Nilikwenda chumbani nikalitoa shati lenyewe, la miraba myekundu na myeusi, nikamkabidhi mkasi. Alikata polepole sana kwa mtu mwenye hamu vile. Kisha nikasema njooni barazani, somo bado.

Tulikausha mtutu kwa vitambaa vya spiriti mpaka kikatoka kimoja cheupe. Nikarudisha jiwe, makali yake sambamba na bamba la chuma, nikaligonga mara moja kuona cheche: nne, nzuri. Nikamimina baruti kutoka kwenye pembe hadi kwenye kikombe cha shaba, maana pembe haimimini moja kwa moja mtutuni. Cheche moja iliyobaki itakulipua mkono.

"Baruti!" nikatamka.

Lamar alinitazama.

"Ujibu, mwanangu."

"Baruti ndani," akasema, akamimina, akagonga ubavu wa mtutu kwa kiganja kama nilivyomwonyesha.

"Kitambaa!"

"Kitambaa juu."

"Risasi!"

Akaisukuma, kwanza kwa kifimbo kifupi, kisha kwa mdeki, shibiri kwa shibiri, mpaka alama ya chini ikatua sawasawa mdomoni. Aliinama kuitazama kwa jicho moja. Kifa tulikiacha kitupu. Hicho hujazwa msituni tu, mbele ya mnyama.

"Vizuri kabisa," akasema Elwood, mkia wa shati ukining'inia mfukoni mwake. "Haya, Lamar, funga bunduki tuondoke. Nyundo ya kupigilia huu mkia iko kule kule."

Lamar alininyooshea mikono nimpe bunduki. Nami nilikuwa nimeikumbatia. Mtutu ulikuwa baridi shavuni. Nilikitazama kile kitambaa chenye doa, nilikuwa nimekibandika kwenye kidole gumba bila kujua.

"Mama?"

"Huo mkia nitaupigilia mimi," nikasema. "Kwenye kopo la biskuti kuna leseni, nendeni mkasome jina. Kesho nataka kwenda mimi. Nataka kukaa pale kwenye kibonde cha misonobari na bunduki hii, nimlenge kulungu mimi mwenyewe. Nimelitaka hilo tangu mwaka nilioolewa."