Kinywaji cha Siku ya Mizani

Ti.

Kijiko kiligonga glasi mara moja, na Bibi akafumbua macho huku mkono uko kifuani. Akasikiliza. Kugonga mara moja ni njaa. Kugonga mfululizo ni hatari. Ndivyo walivyokubaliana yeye na mjukuu wake wa kike aliyelala chumba cha pili. Alihesabu pumzi tano gizani. Kimya.

"Nakuja, mke mwenzangu," akaita, akitafuta kandambili kwa vidole vya miguu.

Msichana huyo alikuwa fundi umeme, na mtaani hakuna aliyemwita vingine: Fundi. Wiki tatu nyuma alikuwa akifunga taa dukani, ngazi ikateleza, akaangukia kidevu. Daktari akayafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya nne, taya lisicheze mpaka mfupa ushike. Tangu hapo Fundi hakutafuna kitu. Alinyonya vinywaji kupitia mianya ya meno, na mwili wake ukaisha kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa ndani ya beseni.

Waya hizo ndizo zilizomnyima Bibi usingizi. Siku ya kutoka hospitali, muuguzi alimpa koleo dogo la kukatia waya. "Akipaliwa, muinamishe mbele kwanza, kitoke chenyewe. Pumzi ikikataa kabisa, kata." Koleo likatundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Bibi aliliogopa kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani: hajamuuma bado, lakini wanajuana.

Na leo ilikuwa Alhamisi, siku ya mizani, muuguzi anapokuja nyumbani kumpima Fundi uzito. Wiki mbili mfululizo Fundi alikuwa amepungua. Muuguzi alishasema, tena kwa upole, kwamba akipungua mara ya tatu atarudishwa wodini, alishwe kwa mrija wa puani. Fundi aliujua mrija huo. Aliposikia neno lenyewe, machozi yalimtoka bila sauti, na Bibi akajiapia moyoni kwamba mtoto huyu harudi kule.

Jikoni aliwasha taa. Juu ya kabati lilikaa kopo la unga wa kujenga mwili, lenye picha ya mwanamume mwenye misuli kama magunia ya viazi. Mama yake Fundi, ambaye zamu yake ya usiku kiwandani ilikuwa haijaisha, alilinunua kwa nia njema kabisa, likamchafua mwanawe tumbo. "Huyu bwana mwenyewe hajalionja," Bibi alikuwa amesema. "Huyu amelelewa kwa maharage."

Ndipo akaanza kutengeneza chake: maziwa yaliyochemshwa na kupoa, karanga alizozikaanga na kuzimenya kwa mkono, ndizi iliyoiva mpaka ikatoa madoa, tende zilizolala ndani ya maji, na vijiko viwili vya kakao, maana tangu utotoni Fundi hakuwahi kukataa kitu chenye chokoleti. Huvisaga vyote, huchuja kwa chujio, kisha kwa kitambaa chepesi.

Asubuhi hii, alipokamua kitambaa, mkono ukasita. Ndani yake lilibaki donge zito la kahawia. Kila siku alilitupa. Sasa akalitazama kwa jicho jingine. Karanga si ndizo hizi? Tende si ndizo hizi? Kumbe mtoto hupewa maji yaliyopita karibu na chakula! Akalirudisha donge kwenye blenda, akasaga tena kwa haraka, akamimina kikombeni. Hakuchuja.

"Leo kizito," Fundi alisema kitandani, baada ya mafunda mawili. Maneno yake yalitoka yamebanwa, kama yanapita kwenye tundu la ufunguo.

"Uzito ndio tunaoutaka. Kunywa, muuguzi asije akasema nakunyima chakula nibaki na mume peke yangu."

"Babu alikufa miaka tisa iliyopita, Bibi."

"Na bado nakuonea wivu. Wivu hauna likizo."

Fundi akacheka, na kinywaji kikiwa kooni.

Kicheko kikakatika. Macho yakamtoka. Kijiko kikagonga glasi, ti-ti-ti-ti, ingawa Bibi alikuwa amekaa hapo hapo, magoti yao yakigusana. Bibi akamshika mabega, akamuinamisha. Kinywaji cha kahawia kikachuruzika kati ya meno, kikalowanisha shuka. Akampiga mgongo. Akasubiri sauti ya pumzi. Haikuja.

Koleo lilikuwa mkononi mwake, wala hakukumbuka kulitungua. Akaifunua midomo ya mjukuu wake. Waya nne. Koleo likagonga jino. "Nisamehe, mama," akasema, akabana.

Tak.

Alikuwa anatafuta wa pili Fundi alipokohoa kikohozi kilichotoka miguuni. Kiganda cha tende, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kikanasa kwenye mdomo wa chini. Kisha pumzi ikaingia, ndefu, yenye mluzi. Bibi akakaa sakafuni.

Walikaa hivyo mpaka dirishani kukapambazuka.

"Usimwambie muuguzi," Fundi alinong'ona. "Tatu zinashika. Akijua, atanirudisha."

Bibi alimtazama. Hakuna alichokitaka duniani kama kunyamaza.

"Mfupa ukiunga upande, utanilaumu nikiwa kaburini," akasema. "Na huko sina simu."

Muuguzi alibisha saa mbili, mizani kwapani. "Shikamoo, Bib—"

"Nimekata waya. Nilimpa kitu ambacho sikukichuja, akapaliwa. Kosa ni langu, si lake."

Muuguzi hakupandisha sauti. Alinawa, akasugua viganja mpaka vikapata joto ndipo akagusa uso wa Fundi. Bibi akaliona hilo. Muuguzi akachungulia kinywani kwa tochi, akampigia daktari simu, akasikiliza sana na kujibu kidogo. Bibi alisimama amekumbatia kikombe kitupu.

"Kesho aende wamrudishie huo mmoja, kisha arudi nyumbani. Hata mimi ningekata, Bibi. Haya Fundi, panda mizani."

Sindano ikayumba, ikatulia.

"Haijapanda," muuguzi alisema. "Ila haijashuka pia. Atabaki hapa."

Bibi akajifuta macho kwa pindo la khanga. Muuguzi akajifanya hakuona. Akamshika mkono hadi jikoni, akaomba karanga. "Zisage peke yake kwanza, muda mrefu, mpaka zitoe mafuta. Ndipo utie maziwa. Nguvu itapita kitambaani yenyewe, hutatupa kitu." Akasimama pale mpaka blenda ikapata moto, akachuja mara mbili, akaonja, akalamba kijiko kama mtoto. Kisha akakiosha.

Mlangoni Bibi alimshika tena mkono, huku kutoka chumbani ikisikika sauti ya Fundi akinyonya taratibu.

"Njoo tena kesho jioni, mwanangu."

"Siku yangu ni Alhamisi, Bibi."

"Najua. Mizani iache huko huko. Njoo wewe tu."