Bata Chini ya Ngazi ya Olaug

Kabla hakujapambazuka, Olaug alisikia mkwaruzo chini ya ngazi ya mlango wa jikoni. Ulikuwa mdogo, kama wa mtu anayesogeza mwani mkavu kwa kidole. Alitulia kitandani, akasubiri. Mkwaruzo ukarudi, na nyuma yake ikaja sauti nzito ya kifuani, sauti ya mama anayejitengenezea mahali pa kulalia.

"Umekuja," Olaug alinong'ona. "Karibu, mama."

Tangu mumewe Aslak azikwe, hakuna bata wa bahari aliyetaga nyumbani kwake. Hata hivyo kila majira ya kuchipua alitandika mwani chini ya ngazi, kama Aslak alivyokuwa akifanya. Ndivyo wanavyoishi watu wa visiwa vile vya Norwei: ndege huja majumbani kutaga, watu huwalinda dhidi ya kunguru na fisimaji, na vifaranga wakishaondoka, manyoya laini yaliyobaki kiotani hujazwa kwenye mifarishi. Na bata akishakaa, kisiwa kizima hutembea polepole. Hakuna kelele, hakuna wageni.

Hapo ndipo furaha ya Olaug ilipokwama. Wageni walikuwa wanakuja asubuhi hiyo hiyo.

Mjukuu wake Synne, aliyemlea tangu utoto, alikuwa anamaliza chuo huko mjini, na jana yake alikuwa ametangulia nyumbani kujiandaa. Alisomea fasihi, mawasiliano na uandishi wa mazingira. Mwalimu wake, Halvard, alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: kazi ya mwisho isomwe kwa sauti mahali palepale inapopazungumzia, mbele ya darasa na mbele ya wenyeji. Isiposomwa, mwanafunzi hafaulu. Kazi ya Synne ilihusu ua huu wa bibi yake, na wiki iliyofuata chuo kilikuwa kinafungwa.

Labda ndege atazoea, Olaug alijiambia. Akafungua kabati, akatoa vazi lake la sherehe, la sufu nyekundu, akabandika vifungo vya fedha kifuani kimoja kimoja. Mjukuu hamalizi chuo kila siku. Kisha akafungua mlango wa jikoni.

Vifungo vikalia. Bata akanyoosha shingo, akapanua mabawa nusu, tayari kukimbia.

"Bibi, usisogee!" Synne alinong'ona kutoka ndani. "Rudi nyuma. Taratibu. Hakujui na mapambo hayo."

Olaug akarudi nyuma, mlango ukafungwa. Wakatazamana. Ndege akatulia.

"Mimi!" alisema Olaug, mkono kinywani. "Mimi niliyezaliwa hapa, nimetoka nje nikilia kama kengele ya kanisa!"

Synne alicheka bila sauti hadi machozi yakamtoka. Kisha uso ukabadilika. "Ni mara ya kwanza tangu babu afe."

"Nitamhamisha," Olaug akasema haraka. "Bado hajataga, yuko mmoja tu. Wewe usome, mwanangu."

"Bibi, nimeandika kurasa nzima kuhusu kuwapisha ndege, halafu nimfukuze ili nipate nafasi ya kuzisoma? Hapana. Nawapokea gatini, nawaambia wageuze. Nitarudia mwaka ujao."

Akavaa koti lake la zamani la kazi, akatoka kwa hatua za pole. Bata hakumjali hata kidogo.

Olaug alibaki amesimama jikoni. Alitaka kulia, lakini kifua kilimjaa kitu kingine. Huyu nimemlea mimi, alijisemea. Akavua vifungo vya fedha, akafungua sanduku kutafuta gauni lake la bluu la kila siku. Chini yake zilikuwa sweta za Aslak, zenye viraka, na aproni kuukuu ambazo hakuwahi kuwa na moyo wa kuzitupa. Mkono wake ukasimama. Ikiwa nguo nzuri zimenifanya mgeni, basi hizi si zitawafanya wageni wawe wa kwetu?

Akazikumbatia zote, akashuka gatini.

Mashua ilikuwa imefika. Wanafunzi walisimama na majaketi ya rangi kali, machungwa na kijani, na Synne mbele yao amenyooka kama mlingoti.

"Sheria niliiweka mimi mwenyewe, Synne," Halvard alikuwa akisema kwa huzuni. "Siwezi kuilegeza kwa mmoja."

"Sikuombi uilegeze, mwalimu. Nakuomba ugeuze mashua."

"Hakuna kugeuza!" Olaug alisema akihema. "Vueni hayo majaketi. Vaeni hizi. Ndege wetu hasomi nyuso, anatazama nguo na mwendo."

Halvard akapewa sweta ya Aslak, mikono ikamfikia nusu. Kijana mrefu aitwaye Mikkel akaambulia aproni ya maua.

"Inakupendeza," msichana mmoja akamchokoza. "Nipikie chapati za maji."

"Nikipika, utakula ukiwa umefunga mdomo," Mikkel akajibu. "Leo hiyo ndiyo sheria."

Msichana yule alipogundua kwamba viatu vyake vinalia, alivivua bila kuambiwa, akatembea na soksi kwenye nyasi zenye maji. Olaug aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Wakapanda kuelekea nyumbani kwa mstari, mikono chini, polepole kama ng'ombe wanaorudi zizini. Bata akageuza kichwa. Akawatazama. Kisha akakiingiza tena kichwa kwenye manyoya.

Wakakaa chini karibu karibu, magoti yakigusana, na Synne akasoma. Hakunong'ona wala hakupaza. Alitumia sauti ambayo Aslak alizungumza nayo na ndege, ya chini, isiyopanda wala kukatika. Alisoma kuhusu mwani na mawe na mzee aliyesema "samahani" kila alipopita karibu na kiota. Olaug alimsikia mumewe humo, akiwa hai kabisa, na hakufuta machozi kwa kuogopa kutikisika.

Alipomaliza mstari wa mwisho hawakupiga makofi. Walimpungia mikono tu hewani, wote pamoja, makofi yasiyo na sauti.

Gatini Olaug hakuweza kusubiri. "Haya, mwalimu. Amefaulu?"

"Amefaulu, mama. Na sharti langu nalibadilisha: isomwe kwa sauti inayofaa mahali penyewe."

Akaanza kuvua sweta. Olaug akamzuia.

"Kaa nayo. Sanduku limechoka kuilinda." Akamvalisha msichana aliyevua viatu soksi mpya za sufu, akasimama karibu na Synne, bega kwa bega. "Njooni tena, nyote. Vifaranga wakishashuka majini, njooni. Siku hiyo nitavaa vifungo vyangu vya fedha, nanyi mtapiga kelele mpaka mchoke."